Maalim na Kitabu cha Mtu wa Masizi

Nimepanga vyumba vingi, tangu Lunga Lunga mpaka Malaba, na sura za wenye nyumba wengi zimeshanitoka. Ya yule wa Chaani haijanitoka. Watu walimwita Maalim, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa jina lake jingine sikuwahi kumsikia mtu akilitumia, hata mkewe. Alikuwa mwalimu wa chuo. Alisomesha watoto Kurani barazani kwake, alfajiri kabla hawajaenda skuli, na tena alasiri wakirudi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na mabati, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kisima uani. Mbele alikaa yeye na mkewe, nyuma tulikaa wapangaji. Mimi nilikuwa utingo wa lori, kijana niliyemaliza kidato cha nne na kushindwa kutulia mahali pamoja. Mlango wa pili alikaa karani wa bandarini, mtu wa bara, mcheshi, mwenye redio kubwa aliyokuwa akiipunguza sauti kila Maalim akikohoa.

Aliyeingia nyumba ile mara ya kwanza alishangaa kuona kwamba vitu vyote havikuwa na nyuso. Mwanamke wa kwenye pakiti ya sabuni ya unga alikuwa na nywele nzuri na shingo ndefu, na katikati yake duara jeupe lililokwanguliwa. Mtoto wa kwenye kopo la maziwa alikuwa na mashavu bila macho. Maalim alikuwa na msumari wake kwa kazi hiyo, ameuweka juu ya mlango, na mkewe akirudi dukani mkoba ulipita kwanza mikononi mwake.

"Picha ya chenye roho yazuia malaika," alitwambia siku tuliyohamia. "Nami nyumba hino nataka waipate wazi."

"Na noti je, Maalim?" Karani aliuliza. "Si ina kichwa cha mtu mzima?"

"Hiyo haikai humu ndani muda wa kumzuia mtu."

Alisema bila kucheka. Ndivyo alivyokuwa, mzaha wake ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi, na ukicheka alikutazama kana kwamba umekosa adabu. Kwa watoto alikuwa mkali. Henzirani yake, ile bakora ya chuoni, ilikuwa imepata rangi ya asali kwa kushikwa. "Goti ndilo lisomalo," alikuwa akiwaambia, "ulimi wafuata tu." Maana yake, kaa chini, vumilia, maneno yatakuja. Lakini mtoto aliyelizwa na henzirani asubuhi ndiye aliyepewa kitumbua cha kwanza mkewe alipotoa sinia, na wajanja kati yao walikuwa wakikosea makusudi.

Herufi za Kizungu hakuzijua, ila tarakimu na jina la Mombasa. Kiswahili chenyewe alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa kasi, mkono wake mzuri kama nakshi. Majirani wazee walimletea barua zao awaandikie kwa jamaa zao wa Lamu na Pemba. Kwake mstari uliondoka kulia ukaja kushoto, na kitabu kilianzia pale ambapo sisi wa skuli tunamalizia. Hilo lilikuwa jambo la kawaida sana hata hakuna aliyelifikiria.

Kilichomjulisha hadi Mikindani na Miritini hakikuwa chuo. Kilikuwa halbadiri. Asiyekulia pwani huenda haijui. Kitu kikiibwa na mwizi asijulikane, watu hukusanyika, ubani ukafukizwa, yakasomwa majina ya mashujaa wa vita vya Badri, ikaombwa kwamba aliyetenda uovu ule apatilizwe. Wanasema aliyesomewa huvimba tumbo, au huingia wazimu, au huanguka njiani akafa. Msomaji hamjui amsomeaye. Huo ndio ukali wake: unafumba macho, unarusha.

Maalim alikuwa na utaratibu wake. Hakusoma papo hapo. Ijumaa, baada ya sala, alisimama akatangaza: "Baiskeli ya fulani imetoweka. Aliye nayo airudishe usiku, mlango hautaangaliwa." Kisha akangoja Ijumaa ya pili. Mara nyingi hakuhitaji kusoma. Mara moja alitangaza habari za baiskeli, na asubuhi mlangoni mwa msikiti ikakutwa ile baiskeli, na sufuria mbili, na pasi ya makaa, na kuku amefungwa miguu. Sufuria, pasi na kuku hakuna aliyekuwa amevishtakia. Kuku alikaa uani kwetu akingoja mwenyewe mpaka akatotoa.

"Wangempa Maalim kituo cha polisi," Karani alisema, "mahabusu ingefugiwa kuku."

Huyo ndiye Maalim niliyemfahamu mwanzo: mtu wa haki, mkono mzito, macho makavu. Kulikuwa na jambo moja tu lililokataa kukaa ndani ya picha hiyo.

Alikuwa na huruma ya ajabu kwa wendawazimu. Kwenye mzunguko wa Changamwe, pale malori yanapopunguza mwendo, siku zile hawakukosekana wawili watatu, wamevaa magunia, miili imeingia mafuta na vumbi hata huwezi kukisia umri. Watu walipita mbali. Maalim aliwaendea, kanzu yake nyeupe na yote. Alimshika mtu kidevu, akazitenganisha nywele zilizoshikamana, akamtazama usoni kwa makini, muda mrefu, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. Kisha akampa mkate akaenda kwa mwingine. Nilimwona pia siku moja kule Miritini, kwa miguu, peke yake, juani. Na kila nilipokuwa nikiondoka na lori alinifuata hadi mlangoni.

"Huko uendako," alikuwa akiniambia, "ukimuona kijana hana akili sawasawa, mtazame. Yuko jirani mmoja hapa amepotelewa."

"Jirani gani, Maalim?"

"Jirani tu. Weye mtazame."

Mkewe ndiye aliyenieleza. Nilikuwa nimelala na homa, ameniletea uji, na akakaa kwenye kizingiti cha mlango wangu akisubiri niumalize. Nikamwuliza jirani aliyepotelewa na kijana ni yupi.

"Jirani?" Aliangalia chini. "Hivyo ndivyo asemavyo?"

Akanisimulia. Walikuwa na mwana mmoja, Athumani. Miaka michache kabla sijaja, mashine ya spika ya msikiti iliibwa. Maalim akatangaza Ijumaa ya kwanza, akatangaza ya pili, haikurudi. Akasoma. Msikiti ulijaa siku hiyo, kwa kuwa kuiba mali ya msikiti ni kitu kizito, na kila aliyekuwapo aliitikia amin.

"Athumani alikuwa ndani," mkewe alisema. "Safu ya pili. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nikaisikia sauti yake ikisema amin na za wenzake. Mwanangu namjua sauti. Siku hazikupita akanambia, mama, naenda kunyoa. Hakurudi tena."

Baadaye fundi redio wa Magongo alikuja na mashine ile, ameifunika kwa kanga. Akamwambia Maalim faraghani aliyemuuzia ni nani. Maalim aliirudisha msikitini, akawaambia watu imeokotwa jalalani. Ukiacha huyo jirani, ndio uongo wake mmoja ninaoujua.

"Basi wajua sasa," mkewe alisema, akachukua bakuli. "Usimwambie nimekwambia."

Nilibaki nikitazama mabati. Maalim hakuwa na huruma kwa wendawazimu zaidi ya mtu mwingine. Alikuwa akimtafuta mwanawe mahali alikomtuma.

Kitabu chenyewe nilikinunua Mwembe Tayari, kwa wale waliokuwa wakitandaza magazeti makuukuu chini. Vilikuwa vikishuka na mabaharia, vitabu vya picha vya Kizungu, kurasa laini, rangi zimekolea. Nilivipenda kwa sababu vilifupisha foleni ya mizani pale Mariakani. Hiki kilikuwa cheusi kuliko vyote nilivyowahi kuona. Mtu mmoja anakaa ghorofani na mwanawe mdogo, wanakula mezani. Watu waovu wanakuja kulichoma jengo. Mtoto anafia ndani. Baba anatoka kazini, anaingia motoni kumtafuta, anatambaa kutoka kwenye majivu amejaa masizi, na masizi yale hayatoki tena. Anaanza kuwasaka waliochoma, mmoja mmoja, anawapandisha mapaani na kuwasukuma. Kila anayemsukuma, weusi unamzidi, macho yanabaki meupe, uso unapotea. Ukurasa wa mwisho amesimama juu ya paa, mvua inanyesha, haimwoshi, na mji mzima umefunga madirisha. Basi. Hakuna furaha mwishoni. Nilikisoma mara mbili nikakitupa kitandani nikaenda safari.

Niliporudi nilimkuta Maalim barazani, watoto wameshaondoka, ameshika kitabu changu mkono mmoja na msumari mkono mwingine. Nilijua yaliyotokea: mkewe ameingia kufagia, amekiona, amekipeleka kikakwanguliwe. Nikaanza kuomba radhi.

"Ndoo ukae," alisema, akiniita kwa ishara ya kichwa.

Nikakaa. Niliangalia kurasa. Hakuna uso hata mmoja uliokuwa umeguswa.

"Nilikichukua nikikwangue," alisema. "Ukurasa wa kwanza namkuta mtu hana uso, masizi matupu. Nikasema huyu nimkwangue nini? Nikafungua wa pili niangalie kama yuko mwenye uso. Nikafungua wa tatu." Akaweka msumari chini. "Mwanangu, aliyekitunga kitabu hiki ni mtu gani?"

"Simjui, Maalim. Mzungu tu."

"Ni mtu aliyeona jambo. Tazama."

Akakifungua, na hapo ndipo nilipoona. Alikuwa amekishika kwa namna aliyovishika vitabu vyote maishani mwake. Alianzia nyuma. Na picha nazo alizipitia kutoka kulia kuja kushoto, kidole kikitangulia.

"Mwanzo huyu hapa, juu ya paa, peke yake. Mvua yanyesha, haimwingii. Watu wamemfungia madirisha, amefanya jambo kubwa, hatuambiwi ni lipi. Kisha tazama. Huyu mtu yuko chini barabarani, amekufa. Hapa ainuka. Hapa yuko hewani. Na hapa, masizi amemdaka." Kidole kilikaa juu ya mkono wa yule mtu mweusi, ulioshika ukosi wa shati. "Amemdaka, amemweka juu ya paa, mzima. Aenda kwa wa pili, vivyo hivyo. Na kila anayemdaka, weusi wampungua. Waona? Hapa jicho. Hapa pua. Hapa uso umeanza kurudi."

Aligeuza kurasa taratibu, na mbele yangu hadithi niliyoijua ikaanza kutembea kinyumenyume kama lori linalorudi gereji. Majivu yakawa moto, moto ukaingia ukutani ukazimika, ukuta ukawa mzima. Wachomaji wakashuka ngazi na madebe yao, wakaondoka. Akafika ukurasa ambao kwangu ulikuwa wa kwanza: meza, sahani, baba mwenye uso safi, mtoto ameshika kijiko.

"Na amempata mwanawe," Maalim alisema. "Yuko hai, ala chakula."

Kulikuwa na maneno juu ya kichwa cha mtoto. Akaniuliza yasemaje. Nikamsomea kama yalivyo, maana baba katika kitabu alikuwa akielekea kazini jioni ile.

"Amwambia babake: Ukirudi, niamshe."

"Ukirudi, niamshe." Aliyarudia kimya kimya, midomo tu. Kisha akakifunika kitabu kwa kilemba, akainuka, akaingia nacho ndani.

Ningemwambia nini? Nimekaa na madereva wengi na wenye nyumba wengi, na sijawahi kumwona mtu mzima aliyefurahi kwa namna ile, kwa woga, kama mtu aliyebeba maji kiganjani. Kwa siku kadhaa henzirani haikushuka ukutani. Alikuwa akikitoa kitabu baada ya alasiri, akakiangalia, akakirudisha. Mtu ambaye alikuwa akimkwangua mtoto wa kopo la maziwa alikuwa sasa analala na kitabu cha picha chumba kimoja. Mkewe aliniuliza kilikuwa kitabu cha dini gani. Nikamwambia si cha dini.

"Basi kina nini? Jana amenambia Athumani huenda yu hai."

Karani ndiye aliyemwambia Maalim kitabu kinaanzia wapi, na hakuwa na ubaya. Alikuta Maalim amekifungua barazani, akakijua. Alikuwa mpenzi wa vitabu hivyo kunishinda mimi.

"Maalim, na wewe umeingia?" alicheka, akaketi bila kukaribishwa. "Lakini mbona umeanza na mkia? Kinaanzia huku, mzee wangu. Lete."

Nilimkanyaga mguu. Hakuelewa. Akakigeuza, akaanza kukisimulia kwa Kiswahili chake cha bara, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Hapa wanakula. Hapa wale majambazi wanaleta petroli. Hapa moto. Mtoto amekwisha. Sasa jamaa amekasirika, si unaona? Anamshika huyu, anamsukuma. Huyo hewani. Huyo chini, kwisha kazi."

"Hamdaki?" Maalim aliuliza.

"Kumdaka? Anamsukuma, Maalim. Angalia kiwiko."

Maalim aliinama akaangalia kiwiko. Karani akaendelea, wa pili, wa tatu. Akafika kwa mmoja aliyekuwa na miwani, akasema kwa furaha ile ile, "Huyu sasa ndiyo anakuchekesha, maana hakuwepo hata siku ya moto. Soma hapa, anamwambia si mimi. Amefanana tu na wale."

"Na yeye ajuaje kama si yeye?"

"Hajui. Giza, hasira, atajuaje? Anasukuma tu."

Karani alimaliza kitabu. Juu ya paa, mvua, madirisha yamefungwa. Maalim alikichukua, akaufunga ukurasa ule kwa kiganja kana kwamba ulikuwa wa moto.

"Nilidhani ni mtu mwingine," alisema. "Kumbe huyu namjua."

Akaenda kisimani akanawa mikono, akaketi pale pale kwenye ukingo mpaka ikaadhiniwa. Karani aliniuliza amesema nini kibaya. Nilimweleza habari za Athumani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizima redio mwenyewe.

Siku zilizofuata mkewe alisema Maalim halali wala hali vizuri. Alikwenda Kisauni kuwauliza wenye ilimu kama kilichosomwa chaweza kurudishwa. Mmoja alimwambia halbadiri yenyewe haikufaa kusomwa toka mwanzo, basi aombe toba anyamaze. Mwingine alimwambia huenda yaweza, wakimsamehe wote walioitikia. Hilo la pili alikuwa akilijua siku zote. Alilikwepa kwa sababu lilikuwa na bei moja: asimame aseme mwizi ni nani. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa Chaani nzima, aliyetisha wezi hadi wakarudisha kuku.

Ijumaa ile mimi na Karani tulikuwa uani. Sala ilipomalizika spika haikuzimwa. Tukasikia sauti ya Maalim, kavu, inaenda pole pole juu ya mabati.

"Ndugu zangu. Mashine hii ninayosemea iliibwa. Nikasoma, mkaitikia. Aliyeiiba ni Athumani, mwanangu. Nilimjua baadaye, nikawaambia imeokotwa jalalani, na huo ni uongo. Leo namuomba kila aliyesema amin siku ile aitoe. Nitakuja kwenu mmoja mmoja. Atakayekataa, haki yake."

Mkewe alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akajifunika uso kwa leso yake.

Maalim alikwenda kweli. Alipita nyumba kwa nyumba, Chaani, Magongo, wengine walikuwa wamehamia Jomvu akawafuata huko. Wengi walimwambia, "Tumesamehe, Maalim, siku nyingi tu." Baadhi walikuwa wakijua muda wote. Wachache walimcheka. Muuza maji mmoja alimwambia, "Leo ni wako ndio wataka yarudishwe? Wa kwetu wakati ule hukutuuliza." Akasema amesamehe hata hivyo, na akaendelea kujaza madebe.

Nyumba iliyomshinda ni ya mwanamke mmoja mjane karibu na reli. Miaka mingi nyuma Maalim alisoma juu ya mbuzi walioibwa, na mpwa wa mama yule akavimba tumbo akafa. Mbuzi walionekana baadaye, hawakuwa wameibwa, walikuwa wamejichanganya na wa watu wengine. Nilikuwa nimemsindikiza Maalim siku hiyo, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kudhoofika. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima, akamletea kiti.

"Athumani nimemsamehe," alisema. "Mtoto wa watu hana kosa nami. Lakini n'ambia, Maalim. Mpwa wangu, amin zake nani atazitoa?"

Maalim hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kizingitini. Mama aliendelea na shughuli zake, akampita mara kadhaa akiingia na kutoka. Alasiri ilipoadhiniwa alimwekea maji ya udhu, Maalim akatawadha, akasali pale pale uani, tukaondoka. Njiani aliniambia jambo moja tu: "Yule wa miwani wa kile kitabu ana watu wake."

Tangu siku ile hakusoma tena halbadiri. Walikuja watu hata kutoka Likoni, na gari, akawatilia chai akawaaga. Nusu ya wanafunzi waliondolewa na wazee wao, maana nani atampeleka mtoto kwa baba wa mwizi. Waliobaki waligundua kwamba kukosea makusudi hakulipi tena. Henzirani ilikauka ikapasuka, ikawa ya kutegemezea dirisha. Kitabu alinirudishia nilipokuwa nahama. "Nakushukuru," alisema. "Sasa kitoe nyumbani mwangu." Nilikisahau gesti moja Busia, na sikurudi kukitafuta.

Nilizunguka sana miaka iliyofuata. Nilikaa Tanga, nikakaa Tunduma, nikaendesha mwenyewe baada ya kuwa utingo. Kila nilipopita Mombasa nilipitia Chaani. Mkewe alifariki nikiwa mbali. Maalim alibaki na chumba kimoja, vingine vyote amepangisha, na swali lake sasa lilikuwa wazi, halina jirani ndani yake.

"Hukumuona Athumani?"

"Sikumuona, Maalim."

"Haya. Wala hukusikia kaburi lake?"

"Sikusikia."

"Basi bado."

Mara ya mwisho nilimwona mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeegesha lori Magongo nikienda kumwamkia, nikaona watu wanakimbia kuelekea nyuma ya maduka. Unapokaa mjini unajua mbio hizo, huhitaji kuuliza. Kijana alikuwa amelala chini katikati ya duara, shati limetoka, damu puani. Alikuwa amekutwa akifungua betri ya lori. Mtu mmoja alikuwa ameshaleta tairi, amelilaza pembeni, na wengine walikuwa wakiita mafuta. Mawe yalikuwa mikononi. Kijana hakuwa akilia. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu halii.

Maalim alitokea upande wa pili, na fimbo, anapapasa. Watu walimpisha kwa mazoea tu, kama unavyompisha mzee.

"Mna nini hapa?"

"Mwizi, Maalim. Rudi nyuma usije ukaumia."

Akaendelea kuja mpaka akasimama juu ya yule kijana. Akainama, akamtazama usoni kwa karibu, muda mrefu, na hakuna aliyerusha kwa sababu jiwe lingempata yeye.

"Huyu ni Athumani wangu," alisema.

Chaani na Magongo hakuna asiyeijua habari ile.

"Maalim," mtu mmoja alisema kwa upole, "si yeye. Athumani sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Huyu ni mtoto wa juzi."

"Weye wamjua mwanangu kunishinda mimi?"

"Huyu mimi namjua, ni wa Mariakani huyu," mwingine akapaza. "Hata si Mwislamu."

"Athumani alikuwa na mambo yake."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia. Mwenye lori alisema betri yake je. Mpaka leo sijui kama macho yalimdanganya au alikuwa anatudanganya sisi kwa mara ya pili maishani mwake, na sijakutana na mtu wa siku ile anayejua. Aliinyoosha fimbo akaiegemea kwa mikono yote miwili.

"Athumani," akaita.

Kijana alimtazama, akatutazama sisi, akalitazama tairi.

"Athumani, nakwita."

"Naam, baba," kijana alisema.

Nilikuwa karibu. Niliona mkono wake mmoja ukiiacha fimbo. Maalim alifumba macho akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayengoja sauti irudi tena. Kisha akanyoosha mkono chini, na wa kijana ukauchukua.

"Mbona umekawia kuitika," alisema, taratibu, si kwa ajili yetu.

Akamwinua. Duara likafunguka upande wa Chaani.